Mchubuko na Ufa

Janti nne za aluminiamu zilikuwa zimelazwa juu ya gunia tupu la sukari, chini ya mwembe, kijijini Makobola, mashariki mwa Kongo, kando ya barabara itokayo Uvira kwenda Baraka. Noah yenyewe, gari jeupe la abiria, ilikuwa imepandishwa juu ya matofali, haina miguu. Siku za kawaida hubeba abiria, viroba vya unga wa mihogo na bidoni za mawese, lakini hiyo ilikuwa Ijumaa, na kesho yake ilikuwa imekodiwa kubeba maharusi. "Papa, gari inaenda ku ndoa kesho," dereva alimwambia fundi, akimaanisha kwamba picha zitapigwa, na picha za harusi za Makobola haziishii Makobola: kabla jua halijatua zimekwisha kufika Kigoma, Nyarugusu na Marekani. Fundi hakumjibu. Alinyanyua janti moja baada ya nyingine, akapitisha kidole gumba ukingoni mwake mzunguko mzima, macho kayaacha yatazame ziwa, na kila kidole kilipokwama akachora duara dogo la chaki. Alipomaliza, janti za kushoto zilikuwa zimejaa chaki. Za kulia zilikuwa na maduara machache tu, ila moja kati ya hayo alilichora mara mbili.

Tofauti hiyo ya kushoto na kulia ndiyo iliyonikalisha pale hadi jioni. Magari mengi yanayopita njia hii yaliundwa Japani, yakatumika huko miaka kadhaa, kisha yakashushwa Dar es Salaam na kuuzwa upya. Japani huendesha kushoto. Gari likiegeshwa mjini, magurudumu ya kushoto ndiyo yanayosogezwa hadi kwenye mawe ya ukingo wa barabara, na ndiyo yanayolipia kila dereva mwenye haraka au mwenye usingizi. Kwa hiyo michubuko ya kushoto huwa mirefu na myembamba, imefuata mzunguko wa janti, kazi ya jiwe lililochongwa na kunyooshwa kwa kamba. Sisi Kongo tunaendesha kulia, na usukani wa gari la Kijapani nao uko kulia, basi dereva wetu hukaa juu kabisa ya mtaro: shimo lililo chini ya kiwiko chake analiona vizuri, lori linalomjia mbele anapotaka kulipita jingine halioni. Huku kwetu linaloumia ni gurudumu la kulia, na linaumizwa na jiwe lililoporomoka mlimani au pembe ya daraja iliyovunjika. Alama zake ni chache, fupi, zina kina, na pengine chuma kimejikunja kwa ndani. Ukilijua hilo, gari unalisoma kwa kupiga magoti tu, upande mmoja maisha yake ya ugenini, upande wa pili maisha yake kwetu. Karatasi za forodha huweza kubadilishwa mwaka. Sijaona bado aliyebadilisha michubuko ya janti ili kumdanganya mnunuzi kuhusu nchi.

Makobola haina ukingo wa barabara. Milima ya Mitumba imeshuka hadi karibu na maji, na Tanganyika, ziwa lenye kina cha mita 1,470, halikuacha pwani pana. Nyumba, mashamba ya mihogo, michikichi, makanisa, shule na barabara ya taifa namba 5 vyote vimebanana kwenye ukanda huo mmoja, na barabara haina mahali inapokomea. Hapa inakuwa meza ya mama anayeuza ndagala, pale inakuwa uwanja wa mtu, na mvua ikinyesha inakuwa mto. Ziwa nalo limepanda miaka hii, likameza nyumba na vipande vya njia; na Aprili 2020 mito ya Uvira ilifurika ikabomoa nyumba kwa maelfu. Katika nchi ya namna hiyo, ukingo wa mawe uliojengwa sawasawa ni mapatano: upande huu gari, upande huu mtoto wa shule. Mtu wa mjini huulaani kila anapochubua janti yake ya bei kubwa, asifikiri kwamba mchubuko ule ni ushahidi kuwa kitu kilisimama kati ya gari lake na mtu aendaye kwa miguu. Jiwe lilipokea kwanza. Pasipo na jiwe, janti husalimika na mtoto huumia. Kwa upande wangu, bora janti ichubuke.

Zamani mambo yalikuwa kinyume. Katika mji wa Pompeii, Italia, uliofukiwa na majivu ya mlima Vesuvius mwaka 79, magurudumu ya mikokoteni yalivishwa pete za chuma, na mawe ya ukingo ndiyo yaliyochubuka. Mwanaakiolojia Eric Poehler amepita mitaa ile akikagua pembe za mawe, na kwa kutazama upande uliolika ametambua mikokoteni ilikata kona wapi, mtaa gani ulikuwa wa kwenda bila kurudi, na kwamba kwa kawaida watu walishika upande wa kulia. Waendeshaji wenyewe hawakuandika neno. Hakuna anayejua majina yao, wala walichobeba asubuhi ile, lakini jinsi walivyogeuza mkokoteni bado inasomeka baada ya karibu miaka 2,000. Napenda kwamba ushahidi huo haukumtaka aliyepita awe mkubwa. Mfalme huandikiwa jiwe na watu wake. Mwenye mkokoteni hujiandikia mwenyewe, bila kukusudia, siku anapokosea kona. Barabara yetu ingekuwa ngumu kuisoma hivyo, kwa kuwa jiwe la leo kesho liko ziwani.

Fundi alianza na janti za kushoto. Alipunguza upepo, akaubonyeza mpira urudi ndani kidogo, akachomeka vipande vya katoni ya sabuni kati ya mpira na ukingo, mzunguko wote, rangi isije ikamwagikia mpira. Akaiosha kwa maji na sabuni, akaifuta kwa kitambaa chenye esansi kuondoa mafuta, kwa maana rangi haishiki juu ya mafuta na, kama alivyosema mwenyewe, haishiki juu ya haraka. Ukaja msasa mkali wa kuvunja meno ya chuma, kisha wa kati, kisha ule laini unaotumiwa na maji. Palipolika sana alipaka mastiki, akaiacha ikauke, akaisugua tena mpaka kidole gumba kikapita bila kukwama. Kazi hii mwenye neno la mwisho ni kidole, kwa kuwa jicho hudanganywa na mng'ao. Halafu rangi ya chini, halafu rangi ya fedha ya kupuliza, tabaka jembamba juu ya jingine, na mwisho vanishi. Chuma chenyewe kinamsaidia. Aluminiamu ikikwanguliwa hujivika ngozi mpya papo hapo, utando wa oksidi mwembamba usioonekana kwa macho, nao huizuia isiliwe na hewa. Chuma cha kawaida hakina bahati hiyo. Kikichubuka, kutu hukiingia.

Lakini kila neema ina bei yake. Waunda magari wa Bugatti walipoleta gari lao la mashindano, Type 35, mjini Lyon mwaka 1924, likiwa na magurudumu ya aluminiamu ya kusubu, walikuwa wanatafuta wepesi wa kushindania mbio. Barabara yetu haina mbio. Tulichokitaka kwenye chuma hiki ni urembo, na udhaifu wake ukaja pamoja na urembo. Janti ya chuma ikigonga jiwe hupinda, na kijana yeyote mwenye nyundo na gogo ataikunjua. Ya aluminiamu imetiwa silikoni ili itiririke vizuri kwenye kalibu, na silikoni hiyo huifanya isipende kupinda. Ikizidiwa, hupasuka. Ndiyo sababu ya lile duara lililochorwa mara mbili. Fundi aliiacha janti ile hadi mwisho, akaining'iniza kwa kamba, akaigonga kwa spana kama alivyozigonga zile tatu. Janti nzima hulia kama kengele ya kanisa. Hii ilitoa sauti butu, ikafa palepale. Akaipaka maji ya sabuni akaongeza upepo, na povu dogo likachungulia upande wa ndani, mahali ambapo kamera ya mpiga picha haifiki. Ufa ulikuwa na urefu wa ukucha.

"Paka tu, Papa. Ni ya kesho tu," dereva alisihi. Fundi akamwambia, "Nikipaka, nitakuwa nimewafichia maharusi kifo." Hakusema zaidi, na sidhani palikuwa na la kuongeza. Waswahili wa pwani wana msemo wao kwa vitu vya namna hii, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, ila mkakasi hauui mtu. Noah ikaenda harusini na janti tatu za fedha na moja nyeusi ya chuma, iliyoazimwa kwa jirani mwenye taksi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikivitenga vitu viwili ambavyo zamani niliviona kuwa ndugu. Mchubuko ni habari ya jambo lililokwisha. Gurudumu liligusa jiwe, likaumia kidogo, likaenda zake; unaweza kuufuta kwa ajili ya harusi au ukauacha kwa ajili ya kumbukumbu, na gari litakwenda vilevile. Ufa ni jambo ambalo bado linatokea. Kila mzunguko wa gurudumu unauongeza, na kila tabaka la rangi linampunguzia mwenye gari nafasi ya kuuona. Wahenga waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta walikuwa wanatazama ukuta wa udongo, na udongo una subira, hukupa kiangazi kizima cha kutafuta matope na maji. Gurudumu kwenye mteremko halitoi msimu. Na nadhani hekima yote ya ufundi, pale mwembeni na kwingineko, imo katika zile dakika za mwanzo za kidole na chaki, kabla msasa haujashikwa, mtu anapoamua lipi ni la kulainishwa na lipi ni la kusimamisha gari.

Janti iliyopasuka haikutupwa. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzijoto 660, joto ambalo makaa na mvukuto vinalifikia. Kote Afrika Mashariki na Kongo wako wanaosubu sufuria kwa kalibu za mchanga kutoka kwenye mabaki ya injini na janti kama hizi. (Watafiti wa sumu wamepima sufuria za aina hiyo katika nchi kadhaa za Afrika na kukuta madini ya risasi ndani ya baadhi yake, kwa sababu kila chakavu hutupwa chunguni bila kuulizwa kilitoka wapi. Hata kuyeyusha kunataka kuchagua.) Sufuria itakayotokana na janti hii haitaikumbuka Japani wala jiwe la Makobola. Kusahau kabisa nako ni njia mojawapo ya kutengeneza, ila kinachotoka hakiwi tena gurudumu, na hakiendi mahali.

Nawafikiria ndugu zetu walio ng'ambo. Tangu 1996 watu wa kwetu, wa Fizi na Uvira, wamekuwa wakivuka ziwa kwenda Kigoma, Tanzania, wakakaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, wengine wakazaa huko watoto na wajukuu, na baadaye maelfu wakapelekwa Marekani. Huko ukingo wa mawe uko kila mtaa. Kijana anafunga janti kubwa kuliko zile gari lilizokuja nazo, mipira ikawa myembamba, na chuma kikabaki kimetokeza nje bila kinga. Siku ya kwanza ya kuegesha dukani kikachubuka. Huja fundi na gari dogo lenye mashine, akaifanya kazi mlangoni pa mteja, mambo yakaisha kabla chakula hakijaiva. Na aliyekodi gari kwa miaka hukaguliwa siku ya kulirudisha, na mchubuko uliozidi kipimo huandikwa kwenye ankara. Kovu, katika nchi hiyo, ni deni. Simlaumu kijana huyo. Aliyekulia kwenye hema na nyumba za matofali mabichi ana haki ya kutaka kitu kimoja maishani mwake kiwe hakina doa. Ila katika nyumba hiyohiyo, sebuleni, ameketi mzazi wake, naye ana jambo ambalo hakuna fundi aliyekuja mlangoni kulitazama.

Msomaji wa Fizi alikwisha kujua tangu jina la kijiji lilipotajwa kwamba tungefika hapa. Kuanzia tarehe 30 Desemba 1998 hadi siku za kwanza za Januari 1999, wapiganaji wa kundi la waasi la RCD na washirika wao waliwaua raia wa Makobola na vijiji vya jirani, mwaka ukigeuka. Habari za kwanza zilitaja watu wapatao 500. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa Oktoba 2010, iliyoyachunguza makosa makubwa yaliyotendwa Kongo kati ya Machi 1993 na Juni 2003, ikataja zaidi ya 800. Kati ya hesabu hizo mbili wamelala watu wapatao 300, umati wa kujaza kanisa, wanaoingia na kutoka kwenye karatasi kwa kuwa hawana majina humo. Mwenye mkokoteni wa Pompeii amepata mtu wa kuisoma kona yake. Mpaka leo hakuna mahakama iliyomhukumu mtu kwa siku zile za Makobola.

Rangi tumepakwa, tena tabaka nyingi. Zimekuja semina za amani zenye fulana na soda, zimekuja hotuba za wakubwa wanaoshuka kwenye gari dakika chache, wamekuja watu wa kuandika majina ya wanaohitaji msaada, na orodha zikaondoka nao. Mwisho wa mwaka 2022 ikatoka sheria iliyoweka mfuko wa taifa wa fidia kwa waathirika wa vita, na tarehe 2 Agosti ikawa siku ya kuwakumbuka waliouawa nchini. Sizidharau hatua hizo. Rangi si adui, na fundi wa mwembeni anaishi kwa rangi. Ninachokiuliza ni kama kidole gumba kilipita kwanza. Fedha ikitolewa kabla watu hawajahesabiwa na kutajwa, itafunika ufa kwa mng'ao mzuri sana, na vizazi vitaendesha juu yake.

Na fundi aligonga janti zote nne. Hakuchagua ile ya upande wa jirani akaiacha ya upande wake. Ripoti ileile inayotaja Makobola inataja pia Wanyamulenge, kabila jirani, waliouawa Baraka na Mboko mwaka 1996, kando ya barabara hiihii, na wauaji wao hawakutoka mbali. Ziko nyumba huku Fizi ambamo habari ya Makobola husimuliwa hadi machozi na habari ya Baraka haitajwi, na ziko nyumba za Wanyamulenge, Minembwe na Bujumbura, ambamo hufanywa kinyume chake. Kila nyumba imeweka janti moja juani na kuificha nyingine uvunguni. Najua wapo watakaosema kwamba kuzitaja pamoja ni kuzilinganisha. Kugonga janti mbili kwa spana moja hakuzifanyi ziwe na ufa mmoja. Kunamwezesha tu dereva kujua gari lake litafika au halitafika, na gari hili tumepanda wote, pamoja na watoto waliozaliwa baadaye, ambao hawakugonga jiwe lolote.

Mtu aliyekuwa na umri wa miaka 40 mwaka 1998 sasa anakaribia 70. Wewe uliye na mzee wa Makobola, wa Baraka au wa Mboko nyumbani kwako, iwe Uvira, Nyarugusu au Marekani, nunua daftari, keti naye, mwulize majina. Andika jina, jina la baba, mahali, siku, na nani aliyeona. Akikutajia jirani wa kabila jingine, mwandike naye kwenye ukurasa uleule. Kisha toa nakala mbili, moja uitume Fizi kwa mtu unayemwamini, nyingine ubaki nayo, na ufanye hivyo kabla ya Desemba.